Kitanda Kimepatikana

Machi 2021, hapa Nairobi, tulikesha na simu siku mbili tukimtafutia mjomba wangu kitanda cha ICU. Kila hospitali jibu lilikuwa lilelile: pamejaa, jaribuni tena jioni. Usiku wa siku ya pili binamu yangu akapiga. "Kitanda kimepatikana!" Nilishangilia mpaka nikalia.

Kulipokucha ndipo nikajiuliza: kwani kitanda hupatikanaje katika wodi iliyojaa? Huenda mgonjwa alipata nafuu akahamishwa. Huenda hakupata. Sikuuliza, na ukweli ni kwamba sikutaka kujua.

Tangu siku hiyo nasoma jinsi nchi nyingine zilivyokabiliana na swali hilo. Tarehe 6 Machi 2020, chama cha wataalamu wa nusukaputi na wagonjwa mahututi cha Italia kilitoa mwongozo uliosema huenda ikabidi kuweka kikomo cha umri wa kuingia ICU, ili nafasi ziende kwa wenye matumaini makubwa zaidi ya kuishi. Watu walikasirika. Hata mimi niliposoma nilikasirika: yaani mzee aachwe tu? Lakini madaktari wale waliandika waziwazi jambo ambalo bila mwongozo lingefanyika kimyakimya, usiku, kila daktari peke yake na dhamiri yake.

Sasa tazama Ujerumani. Kabla ya janga ilikuwa na vitanda vya ICU takriban 34 kwa kila watu 100,000. Italia haikufikisha 10. Ugonjwa ni uleule, kiapo cha daktari ni kilekile, lakini mmoja alilazimika kuchagua huku mwenzake akipokea hata wagonjwa walioletwa kwa ndege kutoka Italia na Ufaransa. Je, huyu wa pili alikuwa mwema zaidi? Hapana. Alikuwa na nafasi tu.

Na nafasi hiyo haikupendwa na wote. Julai 2019, wakfu wa Bertelsmann ulichapisha utafiti uliopendekeza hospitali za Ujerumani zipunguzwe kutoka karibu 1,400 hadi chini ya 600, kwa hoja kwamba hospitali chache zenye wataalamu wengi hutoa huduma bora. Si hoja ya kipuuzi. Ila inatukumbusha kwamba kitanda kitupu, kwenye vitabu vya hesabu, huonekana hasara mpaka siku mtu wako anapokihitaji.

Tena kitanda peke yake hakimtibu mtu. London waligeuza jumba la maonyesho la ExCeL kuwa hospitali ya Nightingale, iliyopangiwa kufikisha vitanda 4,000, ikafunguliwa 3 Aprili 2020. Wimbi lile la kwanza ilihudumia wagonjwa wanaozidi 50 kidogo tu. Hospitali za kawaida zilikuwa zimepanua ICU zao, na wauguzi wenye ujuzi huo walikuwa haba. Jumba hugeuzwa hospitali kwa siku chache. Muuguzi wa ICU hufundishwa kwa miaka.

Kwetu Kenya, utafiti wa mwanzoni mwa janga ulihesabu vitanda vya ICU 537 kwa watu zaidi ya milioni 47. Hicho ni kama kitanda kimoja kwa watu 100,000. Yaani lile chaguo lililoitikisa Italia, kwetu lilikuwepo hata kabla ya Korona. Hatukuliandikia mwongozo. Tuliliita bahati, au mapenzi ya Mungu.

Ndiyo maana naona tunapouliza "nani apewe kitanda?" tunamuuliza mtu asiyestahili kuulizwa. Daktari wa zamu anafika mwisho wa safari. Uchaguzi wenyewe ulishafanywa miaka mingi nyuma, mezani, na watu ambao hawakuona uso wa mgonjwa yeyote.

Ningependa kuishia hapo, niwalaumu wenye meza. Lakini mimi ni mwandishi wa habari. Nimeripoti siku ya bajeti mara kadhaa, na kila mara habari yangu ilikuwa bei ya mafuta, sigara na bia. Sijawahi hata mara moja kuuliza vitanda vimeongezeka vingapi, wala wauguzi wangapi wameajiriwa.

Mjomba alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Akisimulia, husema Mungu alimpa kitanda. Mimi huitikia amina, kisha namkumbuka yule aliyekilalia kabla yake.