Chema Chajiuza? Mwanamke, Kazi na Maadili ya Kujisifu

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutajwa pale mtu anapoyatangaza mema yake mwenyewe, na hutajwa kwa ukali zaidi mtu huyo anapokuwa mwanamke. Hata hivyo, mwanamke msomi wa leo, awe mhadhiri, daktari, wakili au mhandisi, hukabiliwa na fomu inayomwamuru kutenda jambo lile lile ambalo methali inalikemea. Fomu ya kuomba kupandishwa cheo humtaka aorodheshe machapisho yake, wanafunzi aliowasimamia na mchango wake katika taaluma. Kwenye usaili huulizwa kwa nini yeye, wala si mwingine, ndiye anayestahili. Akinyamaza, huhesabiwa kuwa hana la kusema. Akisema, huambiwa kuwa ana majivuno.

Swali linalozuka ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiutawala. Je, mwanamke anayejisifia kazi yake anavunja mwiko wa unyenyekevu, anatumia haki yake, au anatimiza wajibu? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea fasihi ya Kiswahili. Fasihi hiyo ndiyo iliyowafunza wanajamii nani ajisifu, lini, na kwa ulimi wa nani.

Methali na Soko Lake

Methali iliyotajwa imejengwa juu ya sitiari ya soko. Inachukulia kwamba bidhaa zote zimewekwa mahali peupe, kwamba wanunuzi wana macho, na kwamba hakuna aliyesimama mbele ya bidhaa akaifunika. Pale masharti hayo matatu yanapotimia, methali inasema kweli: chungu kizuri hakihitaji kelele. Lakini masharti hayo yakikosekana, methali hugeuka kuwa hukumu dhidi ya asiye na kosa. Kazi ya mwanamke aliyeandika kumbukumbu za mkutano, akasahihisha mswada wa mkubwa wake na kuwatunza wanafunzi wa mwaka wa kwanza haiko sokoni. Iko nyuma ya pazia. Chema kilicho nyuma ya pazia hakijiuzi.

Aidha, methali hazisemi kwa sauti moja. Ile inayodai kuwa debe tupu haliachi kuvuma huishi katika lugha moja na ile inayoonya kwamba mficha uchi hazai. Ya kwanza humlaumu anayesema pasipo na kitu. Ya pili humlaumu aliye na haja akaificha. Kwa hiyo hekima ya jadi haikukataza usemi kuhusu nafsi. Ilikataza usemi usio na kitu ndani yake. Kosa ni la wale wanaomtajia mwanamke nusu ya kwanza ya hekima hiyo na kumfichia nusu ya pili.

Nani Aliruhusiwa Kujigamba?

Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki ina utanzu mzima wa kujisifu. Wahaya wana vivugo, ambamo shujaa hujitaja jina, hutaja ukoo wake na kuhesabu vita alivyopigana. Tungo zinazohusishwa na Fumo Liyongo nazo zina majigambo yasiyo na haya. Hakuna mhakiki anayemlaumu Liyongo kwa kukosa unyenyekevu. Majigambo yake husomwa kama ushahidi wa ushujaa. Wajaluo wana pakruok, ambapo mtu hujisifu hadharani katikati ya ngoma, na humo wanawake pia hupata nafasi. Mfano huu wa mwisho unaonyesha kuwa kimya cha mwanamke si sheria ya maumbile wala ya Uafrika. Ni mila ya mahali fulani, na mahali pengine mila ni nyingine.

Katika upwa wa Waswahili mwanamke alipewa njia za kando. Leso ni mojawapo. Jina la leso husema lile ambalo mvaaji asingethubutu kulitamka, na akiulizwa anaweza kujibu kwamba yeye amevaa nguo tu. Huu ni ufundi mkubwa wa lugha, lakini una gharama yake: usemi usio na msemaji hauwezi kudai malipo. Kamati haiwezi kumpandisha cheo mtu aliyejieleza kwa pindo la leso.

Ushahidi wa Mwana Kupona

Mfano wenye uzito zaidi umo katika utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Utendi huu umehakikiwa mara nyingi kama waraka wa utiifu wa mke, na wahakiki wa kifeministi wameulaumu kwa sababu hiyo. Kuna jambo ambalo halijazingatiwa vya kutosha. Mshairi anapofikia kumweleza binti yake jinsi mke anavyostahili kuishi, anajitoa yeye mwenyewe kuwa mfano. Anasimulia ndoa yake isiyokuwa na ugomvi, na jinsi mumewe alivyomkariria radhi zake alipokuwa anakata roho.

Hayo ni majigambo, ila yamevaa buibui. Mwana Kupona hasemi kwamba alikuwa mke bora. Anamleta shahidi, na shahidi mwenyewe ni marehemu. Sifa inapita katika kinywa cha mwanamume ndipo ipate kukubalika. Lakini si haki kuiona hila hii kuwa udhaifu tu. Mtunzi alifahamu kwamba mafunzo yasiyo na mfano hayana nguvu, na kwamba mama anayeificha tajiriba yake anamdhulumu mwanawe. Alijitaja kwa sababu kulikuwa na mtu wa kufaidika kwa kutajwa kwake. Hapa pana chembe ya jawabu la swali la makala haya: kujisifu hubadilika maadili yake kulingana na anayenufaika.

Siti: Chema Kilichojitembeza

Maisha ya Siti binti Saad yanaipinga methali ya soko kwa njia ya wazi kabisa. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya kimaskini, akaitwa Mtumwa. Kabla ya kuwa mwimbaji alitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake, akivinadi kwa sauti. Sauti hiyo ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wageuze shingo. Alihamia mjini, akafunzwa uimbaji, na kufikia mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi nyimbo zake katika santuri. Kama angeingoja methali itimie, angekufa Fumba akiwa na vyungu vizuri visivyojulikana. Chema kilijitembeza, wala hakikugeuka kibaya kwa kutembea.

Wivu haukukosa. Wimbo wa dhihaka ulizuka ukimkumbusha asili yake ya shamba na kumuuliza angekula nini lau si sauti yake. Jibu la Siti, nalo la wimbo, linafaa kutazamwa kwa makini. Hakusema kwamba sauti yake ni nzuri kuliko za wengine. Alisema kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Wapinzani walikuwa wamempima kwa ukoo na umbo. Yeye aliikataa mizani hiyo akaweka nyingine mezani. Hapo kujitetea kunapita kiwango cha majivuno na kuwa uhakiki wa jamii.

Shaaban Robert alizungumza na Siti kabla hajafariki mwaka 1950, na wasifu aliouandika ukachapishwa katika muongo huo. Ni kitabu cha heshima, na bila hicho mengi yangepotea. Hata hivyo, mhakiki hawezi kupita bila kuona tofauti: mwandishi huyo huyo aliyaandika maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu. Mwanamume alikuwa na tawasifu. Mwanamke alipata wasifu. Mmoja alijieleza, mwingine akaelezwa. Siti alibahatika kumpata mwelezaji mwadilifu. Wafinyanzi, waimbaji na wakunga wangapi hawakumpata?

Kujisifu na Kujishuhudia

Kutokana na mifano hii panahitajika kutofautisha dhana mbili. Kujisifu ni kudai thamani; kujishuhudia ni kutoa habari ya kazi iliyofanyika ili wengine waipime. Anayejisifu hutaka kuaminiwa; anayejishuhudia hutaka kuchunguzwa. Ushahidi wa namna hii una masharti matatu. Uwe wa kweli, usiozidisha. Uwe na kiasi, usiomshusha mwingine ili kumpandisha msemaji. Tatu, uwataje waliosaidia.

Sharti hili la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Mtafiti anayeorodhesha makala yake juu ya nyimbo za unyago bila kuwataja wanawake waliomwimbia amejitetea dhidi ya dhuluma kwa kutenda dhuluma. Wangari Maathai ni kielelezo cha upande wa pili. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati, na katika miaka ya 1970 alidai waziwazi marupurupu sawa kwa wahadhiri wa kike. Katika tawasifu yake, Unbowed, ya mwaka 2006, hakuficha mafanikio yake. Lakini sura moja aliipa jina la wanawake wa vijijini waliokuwa wataalamu wa misitu bila stashahada. Aliposimama, hakusimama peke yake.

Huenda mtu akapinga kwamba unyenyekevu ni tunu, na kwamba ulimwengu wa kila mtu kujinadi ni ulimwengu wa kelele. Pingamizi hili lina uzito. Lakini tunu haina jinsia. Unyenyekevu ukiwa wema, mwanamume naye adaiwe. Akisamehewa yeye, basi kinachodaiwa kwa mwanamke si wema bali ni kimya. Tena, mnyenyekevu ni yule awezaye kusema akachagua kutosema. Aliyezibwa mdomo hana unyenyekevu wa kusifiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumfunza mwanamke kujinadi ni kumtwika mzigo wa kunyoosha mizani ambayo hakuipinda. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza jinsia moja kuzidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Sheria hufungua mlango; haifundishi kamati kusoma kazi iliyo nyuma ya pazia. Wajibu huo ni wa wanaopima, na haukomi kwa sababu anayepimwa amejifunza kusema.

Hitimisho

Mwanamke anayeitaja kazi yake kwa ukweli, kwa kiasi na kwa shukrani hatendi kosa. Pale kimya chake kinapowaponza wengine watakaomfuata, kusema huwa ni wajibu. Methali ya wahenga haina haja ya kutupwa, yahitaji kukamilishwa. Chema chajiuza, ilmradi kimetolewa nje na kikaonwa. Binti Saad alilijua hilo tangu siku alipojitwika vyungu vya mama yake na kuingia mjini.