Chai Isiyo na Masharti

Je, ni halali mchungaji kumtembelea rafiki aliyeacha kwenda kanisani, akakaa naye alasiri nzima, kisha akaondoka bila kumshinikiza arudi? Mzee mmoja wa usharika aliniambia huo ni uvuvi wa kwenda ziwani kuoga. Nilicheka, lakini neno lake si la kupuuzwa. Kama tunaamini kwamba Kristo ni uzima, kunyamaza mbele ya mtu tunayempenda kunaweza kuwa uoga uliovaa nguo za adabu.

Mtu mwenyewe tulikaa chumba kimoja chuoni miaka mitatu. Tuligawana ndoo, sabuni, na taa ya chemli umeme ulipokatika. Hakumaliza masomo. Leo anauza asali Tabora, anaishi Kitete, na tangu amzike mwanawe hajakanyaga ibadani. Tulikaa chini ya mwembe wake kuanzia saa nane hadi jua linazama. Tulizungumza bei ya asali, magoti yetu, na walimu waliotangulia mbele za haki. Katikati ya chai akaniuliza, "Ndugu yangu, umekuja kama mchungaji au kama mwenzangu wa chumba?" Nikamjibu kwamba mimi ni mtu mmoja tu, ningefurahi sana kumwona kanisani, ila chai hii haina masharti. Akanyamaza kitambo. Kisha akaanza kunisimulia usiku wa mwisho wa mtoto wake, habari ambayo hakuwahi kuniambia, hata kwa simu.

Luther, katika Makala za Smalcald za mwaka 1537, anataja njia ambazo Injili hutujia: mahubiri, Ubatizo, Sakramenti ya Altare, mamlaka ya funguo. Halafu anaongeza moja tunayoipita haraka, yaani mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Ya ndugu kwa ndugu, wapendwa. Si ya mwenye majibu kwa asiye nayo. Anayekuja na ndoana mfukoni hasikilizi, anangoja zamu yake ya kusema.

Lakini hoja ya mzee bado ipo. Hapo Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, Livingstone na Stanley walikaa tembe moja kuanzia Februari hadi tarehe 14 Machi 1872. Stanley alikuwa mtu wa gazeti, alitafuta habari, sikatai. Hata hivyo alimsihi mwenzake wazi wazi arudi kwao apate nguvu kwanza. Livingstone akakataa. Stanley alipofika pwani alimtumia wapagazi, na Agosti mzee akaanza nao safari ileile aliyosihiwa aiahirishe. Hawakuonana tena, Livingstone alifariki Mei 1873.

Kusema wazi, kukubali kukataliwa, na bado kutuma wapagazi: hilo naliona kuwa tofauti na kunyamaza, na tofauti pia na kuvua. Kinachonisumbua ni kujua useme mara ngapi. Paulo anawaambia Wagalatia kwamba alikaa na Kefa Yerusalemu siku 15, lakini hataji walichozungumza. Natamani angetaja.

Rafiki yangu hajarudi ibadani. Majuzi alinitumia dumu la asali kwa basi, akauliza nitapita lini tena.