Kuingia Si Kufaa

Kijana wa kisa hiki nimemtunga ili awe funzo. Mashine aliyoinunua, umeme ulioiunguza na mkanda uliooza ndani yake ni mambo ya kweli. Nimeona nikisimulie kwa sababu siku hizi mtu aliye Kibirichia anaweza kuagiza kwa simu mtambo wa gemu uliouzwa Japani mwaka 1986, akaulipia, akaletewa, na njiani asikutane na yeyote wa kumuuliza atauwasha kwa stima gani.

Alizaliwa katika familia ya wakulima wa viazi, huko kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Utotoni alijifunza gemu za TV katika duka moja sokoni: Contra, Mario, na ile ya vifaru. Mashine ilikuwa ya Kichina, na kaseti zake za manjano zilijigamba kuwa na maelfu ya gemu. Mashine hizo zilikuwa nakala za Famicom, ambayo Nintendo iliizindua Japani tarehe 15 Julai 1983. Waliozinakili walifuata umbo la Japani lenyewe. Kaseti ya Famicom ina pini 60, na ile iliyouzwa Marekani na Ulaya ina pini 72. Kaseti za sokoni Kibirichia zilikuwa za pini 60. Kijana alipokuja kulijua jambo hilo ukubwani, mapenzi yalimwingia, na mimi simlaumu kwa hilo hata kidogo. Kutaka kujua kitu ulichokichezea utotoni kilitoka wapi ni tamaa njema.

Alichokitamani hasa ni kile ambacho nakala za Kichina hazikumwonyesha kamwe: Disk System, kisanduku chekundu kinachokaa chini ya Famicom na kusoma diski ndogo za sumaku. Nintendo ilikitoa tarehe 21 Februari 1986, pamoja na The Legend of Zelda, na haikukiuza nje ya Japani. Mtoto wa huko alikuwa akipeleka diski yake dukani, analipa yeni 500, na mtambo wa dukani unaifuta gemu ya zamani na kuandika mpya. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2003. Yaani hata kisanduku kingefanya kazi vizuri, kijana wetu angekuwa na diski alizonunua, basi. Duka la kuandikia nyingine halipo tena popote duniani.

Akaagiza vyote viwili, Famicom na Disk System, na pesa aliitoa kwenye fungu la mbegu. Mama yake alikuwa ameiweka kando kwa ajili ya mbegu za viazi vya Shangi zilizothibitishwa, naye akajiambia atairudisha kabla ya mvua. Mzigo ulipofika nchini, ushuru na VAT ya asilimia 16 vikala sehemu nyingine ambayo hakuwa ameipangia.

Adapta ya Famicom ina pini mbili bapa. Soketi zetu, kama za Uingereza, zina matundu matatu ya mstatili. Alikwenda dukani, akanunua kile kigeuza pini cha bei ndogo, akachomeka, kikaingia barabara, na kule kuingia akakuchukua kuwa ruhusa. Lakini kigeuza pini hubadilisha umbo la miguu tu. Umeme unaopita humo ni uleule, volti 240, na adapta ile ilijengewa nyumba za Japani ambako soketi hutoa volti 100. Ndani yake mna transfoma inayoshusha 100 hadi 10. Ukiipa 240, waya zake hubeba mkondo mwingi kupita kiasi, zinapata moto, ngozi yake ya rangi inaungua, na kama kuna fyuzi ya joto ndani, inakatika. Alisikia mvumo, halafu harufu, halafu kimya.

Akambeba mgonjwa wake hadi kwa fundi wa redio pale sokoni.

"Nani alikuambia hii ni ya stima yetu?" fundi akauliza baada ya kuipima.

"Iliingia, mzee."

"Kijana wangu, hata msumari unaingia kwenye soketi." Akaigeuza adapta, akamwonyesha kibandiko. "Kilichokufa ni hiki peke yake. Mashine yenyewe huenda ni nzima. Niachie mpaka Jumatatu nikutafutie ya volti 10."

Jumatatu ilikuwa mbali. Nyumbani kulikuwa na adapta ya ruta ya Wi-Fi, volti 12, iliyotengenezewa stima yetu, na kichwa chake cha duara kilitoshea kwenye tundu la Famicom kana kwamba vilizaliwa pamoja. Akachomeka tena. Katika adapta za ruta, ncha ya katikati kwa kawaida huwa chanya na ganda la nje huwa hasi. Famicom inataka kinyume chake: katikati hasi, nje chanya. Umeme ukaingia kinyumenyume, ukaiua sehemu ndogo yenye miguu mitatu inayoshusha volti hadi 5, ukapita hadi kwenye vichipu.

Kosa hili la pili linaniuma kuliko la kwanza. La kwanza alilifanya hajui. La pili alilifanya akiwa ameshaambiwa na mtu anayejua, bure, tena kwa upole.

Fundi alibadilisha ile sehemu ya miguu mitatu. Ni ya bei rahisi na hupatikana katika vifaa vingi vilivyokufa. Volti 5 zikarudi, lakini mashine haikuamka. Chipu ya picha, iliyotengenezwa na kampuni ya Ricoh, ilikuwa imeungua, na njia ya kuipata ni kuing'oa kwenye Famicom nyingine.

Hapo fundi akamwambia jambo ambalo anayeagiza hana budi kulijua mapema. Famicom ya mwaka 1983 haina waya za AV. Picha yake hutoka kwa njia ya antena, kwenye chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani, na chaneli hizo ziko kati ya megahezi 90 na 102. Kwetu, hapo ndipo zilipo stesheni za FM, na televisheni nyingi za huku hazikutengenezwa kutafuta picha mahali hapo. Mwenye gari la Probox lililotoka Japani ameshalionja jambo hili kwa upande mwingine: redio yake huanzia 76 na kuishia 90, na stesheni nyingi za Kenya ziko juu ya hapo. Hakuna hitilafu katika redio hiyo, ila hewa ya Japani iligawanywa kwa namna nyingine. Basi hata kama kijana angepata volti sahihi siku ya kwanza, huenda angeikodolea macho chengachenga. Nintendo ilitoa Famicom yenye AV mwaka 1993, na Disk System hufanya kazi nayo. Anayetaka kuitumia badala ya kuipamba sebuleni, na aitafute hiyo.

Kisanduku chekundu kilinusurika kwa sababu hakikuwa kimeguswa na soketi. Kinaweza kutumia mawe sita ya ukubwa wa kati, yale ya redio, na maagizo yalikuwa na mchoro unaoonyesha hivyo. Ila fundi alipokifungua alikuta mkanda wa mpira unaozungusha diski umeyeyuka, umekuwa gundi nyeusi iliyoshika mota. Huo ndio mwisho wa karibu mikanda yote ya asili ya Disk System. Mpya hupatikana, lakini lazima gundi isafishwe yote kwanza, na kichwa cha kusomea kirekebishwe kwa subira. Diski nazo nyingi hazina mlango wa kuzuia vumbi, na barabara za Kibirichia wakati wa kiangazi tunazijua.

Mvua ilifika. Mama alipanda viazi vilivyobaki stoo, na baadhi vilikuwa na mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaosafiri ndani ya mbegu na kubaki kwenye udongo. Sehemu ya shamba lile haitapandwa viazi kwa misimu kadhaa.

Wewe unayetaka kuagiza, mwombe muuzaji picha ya kibandiko cha adapta kabla ya kutuma pesa. Muulize kama mkanda umebadilishwa. Nunua transfoma ya kushusha 240 hadi 100 kwanza, kisha mashine, na mpelekee fundi vyote viwili kabla ya kuchomeka chochote. Maneno ya kibandiko yatakuwa ya Kijapani, lakini 100V imeandikwa kwa tarakimu zilezile tunazosoma sote.