Deni la Dereva

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyepata ajali asimame, amsaidie majeruhi, tena atoe taarifa polisi. Hata hivyo, wako madereva wanaodhani kuwa faini ikishalipwa, deni limekwisha. Deni la nani? Serikali imelipwa, aliyevunjika mguu hajalipwa. Na tuseme madereva wawili wamepita kijijini kwa kasi ileile, mtoto akakatiza mbele ya mmoja tu. Huyu atashtakiwa kwa kusababisha kifo. Mwenzake atafika nyumbani salama, ale, alale. Uzembe wao ni mmoja. Mimi sioni kuwa huyu wa kwanza ameonewa. Linalonisumbua ni usingizi wa yule wa pili.