Mama, Yangu Bila Sukari

Jaribu kesho asubuhi. Nenda kwa mama ntilie wa karibu na geti la chuo, mwamkie, kisha agiza chai ya rangi bila sukari. Kabla kikombe hakijafika mezani utaulizwa, "Kwani mwanangu unaumwa?" Na mwenzako mliyekaa naye benchi moja atacheka: "Huyu kashakuwa mzee."

Vita yetu iko hapo. Tumeamini kwamba sukari kidogo na mafuta kidogo ni vya wagonjwa wa kisukari na wazee wa presha, na kwamba kijana wa miaka 21 ana leseni ya kula chochote. Leseni hiyo kakupa nani?

Nimeishi hosteli, nayajua. Bumu (pesa ya mkopo) likiingia, wiki ya kwanza ni zege la chipsi mayai kila usiku, mishkaki juu, soda ya baridi pembeni. Wiki ya sita ni pasi ndefu: chai na andazi saa tano, mpaka giza liingie. Halafu saa nane mchana unasinzia darasani na kumlaumu mhadhiri kwa sauti yake. (Mara nyingine ni kweli, ni sauti yake.)

Haya, chukua chupa ya soda ya kola ya nusu lita, igeuze, usome maandishi madogo. Mara nyingi kila mililita 100 zina sukari kama gramu 10.6. Piga hesabu, wewe uliyefika chuo kikuu: gramu 53. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na likasema kushuka mpaka 25 ni bora zaidi. Chupa moja tu, na mgao wako wa siku umekwisha hata andazi hujaligusa!

Lakini usikimbilie supamaketi kutafuta wokovu kwenye rafu. Yogati iliyoandikwa "mafuta kidogo" inaweza kuwa imejazwa sukari, maana mafuta yakitolewa ladha hupungua, na ladha lazima itoke mahali. Mbele ya kopo kuna muuzaji, nyuma kuna shahidi, mhoji shahidi. Hata soda zenye utamu usio wa sukari, shirika hilohilo lilishauri mwaka 2023 zisitegemewe kupunguza uzito. Maji yapo, rafiki yangu.

Wala sikuambii uyaogope mafuta. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mchicha ulioungwa kwa kijiko cha mafuta au karanga una faida kuliko ule uliochemshwa kwa adhabu. Kula parachichi lako kwa raha. Yanayonitia shaka ni yale ya kwenye karai, meusi, yaliyoanza kukaanga tangu juzi.

Sasa sikia: silaha unayo mdomoni. "Kaka, chipsi nusu, kachumbari jaza." "Chuja mafuta vizuri." "Mama, wali kidogo, maharage mengi, na matembele." Wiki hii sukari kijiko kimoja, wiki ijayo nusu, ulimi nao ni mwanafunzi, hufundishika. Maneno haya hayaongezi hata shilingi kwenye bei. Na usiyaseme peke yako. Mama ntilie hupika kinachoulizwa; mkiwa kumi wa darasa moja mnaodai matembele kila siku, baada ya muda utaona sufuria lake limekuwa kubwa, na anayecheka leo atakuwa kwenye foleni nyuma yako.

Usingoje bumu lijalo, wala Januari. Jaza chupa ya maji leo usiku, iweke juu ya daftari. Kesho amka, nenda palepale kwenye benchi, agiza. Ukiulizwa tena mbele ya wote kama unaumwa, usitazame chini.

"Siumwi, mama. Nina testi saa nne."