Adabu ya Kukataa na Mkazo Wake

Kukubali ni tendo jepesi kwa ulimi. Mtu akiombwa akatoa, akiitwa akaenda, akiambiwa akasadiki, hakuna anayemdai sababu. Lakini akataaye hudaiwa sababu, na sababu yake hupimwa kwa mizani kali. Kwa hiyo kila lugha ya wanadamu imejiwekea njia zake za kukataa: njia ya kukataa taratibu, na njia ya kukataa kwa nguvu. Maswali mawili huzaliwa hapo. Je, akataaye kwa adabu amesema kweli nzima, au ameipunguza kweli ili iweze kumezwa na msikilizaji? Na akataaye kwa mkazo ameongeza kweli, au ameongeza sauti tu?

Katika maswali haya nimeiita lugha ya Kikhmer iwe shahidi wetu. Ni lugha ya taifa la Kambodia, na husemwa pia na jamaa zao walioko kusini mwa Vietnam na kaskazini mashariki mwa Thailand. Ni lugha kongwe ya maandishi. Jiwe lake lenye tarehe ya zamani kuliko yote, lililopatikana Angkor Borei, ni la mwaka 611. Shahidi wa mbali ana faida moja. Mambo ambayo katika lugha yetu tumeyazoea hata hatuyaoni, kwake huonekana wazi, kwa kuwa hatukuyanyonya pamoja na maziwa ya mama.

Katika Kiswahili, kukataa hujificha ndani ya kitenzi. Asemaye "siendi" ameunganisha nafsi yake na kanusho lake katika silabi moja, si rahisi kuvitenga. Kitenzi cha Kikhmer hakibebi viambishi vya nafsi wala vya wakati. Kila neno husimama kwa miguu yake. Msemaji husema *khnhom min tov te*. *Khnhom* ni mimi, *tov* ni kwenda, na kanusho limesimama mara mbili: *min* kabla ya kitenzi, na *te* mwishoni mwa sentensi, kama walinzi wawili wa mlango mmoja. Katika mazungumzo ya kila siku *min* huweza kumpisha *ot*. Katika maandishi ya fahari huja *pum*. Na katika maandishi rasmi *te* huweza kuachwa. Lakini katika usemi wa kawaida wa watu, *te* ndiyo muhuri. Ikisemwa peke yake, hutosha kuwa "la".

Neno hilo *te* lina kazi nyingine ambayo yastahili kutazamwa kwa makini. Hufunga pia maswali. Aulizaye kama utakwenda humaliza swali lake kwa *te*, na katika usemi kamili zaidi kwa *ry te*, yaani "au la". Maana yake ni kwamba swali lenyewe limekwisha mpa aulizwaye neno la kukataa kabla hajafungua kinywa. Muulizaji ametandika njia mbili, akasema: chagua. Swali lisilobeba "au la" ndani yake, kwa maneno au kwa nia, si swali. Ni amri iliyovaa nguo za swali. Hapa sarufi imetangulia falsafa, maana imetamka kwamba haki ya kukataa haitokani na ujasiri wa ajibuye peke yake, bali huanza katika kinywa cha aulizaye.

Tuje sasa katika adabu. Mwanamume wa Kikhmer akijibu kwa heshima hutanguliza neno *baat*, na mwanamke hutanguliza *chah*. Maneno haya hufasiriwa kwa kawaida kuwa "ndiyo". Lakini mtu huyo huyo akitaka kukataa kwa heshima husema *baat te*, au *chah te*. Mgeni hushangaa. Husikia "ndiyo, la", akadhani ya kwamba ajibuye hajui atakalo, au ya kwamba anamdanganya. Mshangao huo hutoka katika tafsiri mbovu. *Baat* haikubali jambo, humkubali mtu. Kwa neno hilo ajibuye amesema: nimekusikia, natambua ya kuwa wewe ni mtu mbele yangu, na nafsi yako haina ubishi nami. Kisha *te* huligeukia jambo na kulikataa. Viwili ambavyo hasira huvichanganya, yaani muombaji na ombi lake, vimetengwa kwa maneno mawili mafupi.

Basi kwa swali la kwanza jibu hili lapatikana: adabu ya namna hiyo haipunguzi kweli hata chembe. Kweli yote imo katika *te*, na *te* haikuondolewa. Kilichoongezwa ni kweli ya pili, kwamba akataliwaye bado ana thamani ile ile aliyokuwa nayo kabla ya kuomba. Asemaye "la" kavu amesema kweli moja. Asemaye *baat te* amesema kweli mbili. Ni nani atakayemwita mwongo mtu aliyesema kweli zaidi?

Hata hivyo, haifai kuisifu adabu kupita haki yake. Kuna adabu nyingine ambayo huondoa *te* kabisa. Wakhmer wana *min toan*, ambayo ni "bado" yetu. Aulizwaye kama amekula wali, au kama ameoa, hujibu *min toan*, na jibu hilo halimdhuru mtu. Linauacha mlango wa kesho wazi kwa heshima. Nasi hufanya vivyo hivyo. Lakini "bado" ikitumiwa mahali pa "kamwe", dhara huingia. Mwombaji aliyeambiwa "hapana" hutafuta mlango mwingine. Aliyeambiwa "bado" hurudi kesho, na kesho kutwa, mpaka umri wake umekwisha kizingitini. Mpaka kati ya adabu na hadaa ni huu: je, yuko mtu ambaye maisha yake yanalisubiri jibu langu? Ikiwa yuko, ulaini wa neno hauniondolei wajibu wa kulisema. Upole unaomwacha mtu gizani ni ukatili wenye sauti nzuri.

Lipo pingamizi zito kuliko hilo. Wako watakaosema kwamba adabu ni lugha ya ngazi, ambayo mdogo humlipa mkubwa kama kodi. Kikhmer chenyewe huwapa ushahidi. *Khnhom*, neno la kujitaja, asili yake ni mtumwa. *Baat* huandikwa sawasawa na neno lililotoka Kisanskriti lenye maana ya mguu. Hata kula kuna daraja zake: *si* ni kwa wanyama na kwa watu wasiostahiwa au waliozoeana mno, *hop* na *nham* ni kwa watu wa kawaida, *pisa* ni kwa yule unayemheshimu, *chhan* ni kwa watawa wa Kibuddha, na *saoy* ni kwa mfalme. Je, mtu aliyefundishwa tangu utoto kujiita mtumwa atapata wapi kifua cha kumkatalia bwana? Je, isingekuwa heri kuyafagilia mbali maneno hayo yote, watu wakabaki sawa, kila mmoja akisema ndiyo yake na la yake bila mapambo?

Swali hilo halikubaki vitabuni. Lilijaribiwa kwa damu. Tarehe 17 Aprili 1975 jeshi la Khmer Rouge liliingia Phnom Penh, na utawala wake ulidumu mpaka tarehe 7 Januari 1979. Utawala huo uliigusa lugha kama ulivyoyagusa mashamba na nyumba. Daraja za kula zilifutwa, na watu wote wakaamriwa kutumia *hop*. Watawa walivuliwa mavazi yao. Majina ya udugu na heshima ambayo Wakhmer huitana, *bong* kwa mkubwa, *pu* kwa ami, *yeay* kwa bibi, yalisukumwa kando, nafasi yake ikachukuliwa na *mit*, yaani rafiki au mwenzi. Kwa jicho la juujuu, usawa ulikuwa umeingia katika vinywa vya watu.

Lakini je, watu hao waliovuliwa adabu walipata uwezo wa kukataa? La. Hapakuwa na wakati katika historia ya nchi ile ambapo neno la kukataa lilikuwa ghali kuliko wakati huo. Amri zilitolewa kwa jina la Angkar, yaani Shirika, na amri haifungwi kwa *ry te*. Watu baina ya milioni 1.5 na milioni 2 walikufa kwa njaa, maradhi, kazi na kuuawa. Hiyo ndiyo sababu hoja ya wafagiaji haisimami. Ngazi haikuondoka kwa kuondolewa maneno yake. Ilibaki bila maneno, na ngazi isiyo na maneno ni ya hatari zaidi, kwa kuwa aliye juu hana tena hata wajibu wa kujibu kwa heshima. Sitasema ya kwamba adabu ya zamani ilikuwa haki. Dhuluma ilikuwako kabla ya mwaka 1975, nayo ilisalimiwa kwa maneno matamu. Nasema tu ya kwamba ukavu wa maneno si uhuru.

Hapa twalifikia swali la pili, la mkazo. Kikhmer hutia nguvu katika kanusho kwa kuongeza neno la mwisho. *Min* ikifuatwa na *sah* huwa "si hata kidogo". *Min dael* ni "haijapata kuwa". Na katika maandishi ya fahari *laey* hufunga kanusho kama kufuli. Sisi tuna kabisa, kamwe, katu, abadani na hasha. Wingi huo si utajiri mtupu. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alieleza mwaka 1917 jinsi kanusho linavyochakaa kwa kutumiwa, likahitaji msaidizi, kisha msaidizi naye akawa wa kawaida. Kifaransa kilimchukua *pas*, ambaye asili yake ni hatua, akawa nguzo ya kukataa. Mkazo, basi, ni kama sarafu: kadiri itolewavyo kwa wingi ndivyo thamani yake ipunguavyo.

Kwa nini watu huutoa kwa wingi? Kwa sababu la kwanza halikusikiwa. Mtu hasemi "kamwe" kwa aliyekwisha sikia "la". Hivyo mkazo hauongezi kweli. Kweli ilikwisha kamilika katika neno la kwanza. Mkazo ni deni, na mdaiwa ni msikilizaji. Kila mara mnyonge anapolazimika kupaza sauti, kuna mtu aliyelipokea neno lake la upole akalifanya si neno.

Tena tazama jambo la ajabu. Kanusho la kutisha kuliko yote lililosemwa katika Kikhmer halikuwa na mkazo. Chini ya utawala ule watu waliambiwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: kukuweka si faida, kukuondoa si hasara. Ndani yake mna *min* mara mbili, bila *sah*, bila *laey*, bila hata *te*. Halikuhitaji nguvu, kwa kuwa halikukataa jambo, lilimkataa mtu. Likilinganishwa na *baat te* tofauti huonekana kama mchana na usiku. Moja humkubali mtu na kulikataa jambo lake. Jingine halina habari na jambo lolote. Hufuta nafsi, na hulifuta kwa sauti tulivu ya mtu anayehesabu magunia.

Kwa hiyo ubaya wa kanusho haupimwi kwa ukali wake, wala wema wake kwa ulaini wake. Hupimwa kwa kile kinachokanushwa. Ukikanusha jambo, sema upole uwezavyo au ukali upasavyo, mradi *te* yako ibaki. Ukimkanusha mtu, hakuna adabu iwezayo kulitakasa neno lako.

Nimesema kwamba *ot* ni kanusho la mazungumzo ya kila siku. Neno hilo lina maana pana: ni kukosa kitu, na ni kuvumilia kukikosa. *Ot bay* ni kukosa chakula. *Ot thon* ni kustahimili. Na *ot toh*, ambayo neno kwa neno ni kulikosa kosa, maana yake ni kusamehe. Wakhmer wameweka katika neno moja njaa, subira, msamaha na kukataa. Sidhani ni bahati tupu. Anayekataliwa hubaki na upungufu, na upungufu huo hutaka subira. Ajuaye kuupokea bila kulipiza amefika mlango wa msamaha.

Wahenga wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na usemi huo umefundishwa vya kutosha. Umebaki upande wake wa pili, ambao haukupata methali. Asiyesikia la mdogo havunjiki yeye guu, huvunjika mdogo. Mwalimu, mzazi, mume, afisa na hakimu wote huulizwa maswali, lakini wao huuliza zaidi ya wanavyoulizwa. Wajibu wao wa kwanza ni kuyafunga maswali yao kwa "au la" ya kweli. Na wajibu wa pili ni kulisikia neno la kukataa mara ya kwanza, lingali jororo, kabla halijalazimika kuwa kilio.