Safari ya Kutazama Wanyama na Haki ya Anayetazamwa

Kwa Jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.



Zinapokaribia sikukuu na likizo, wazazi na walimu wa madrasa huanza kushauriana juu ya matembezi ya watoto. Hutafutwa basi, hukadiriwa nauli, hugawanywa kazi ya kupika pilau na kuchukua maji, huangaliwa pahali pa kuswali Adhuhuri, na kila mtoto mkubwa hukabidhiwa wadogo wa kuwaangalia. Mara nyingi safari huwa ni ya kwenda bustani ya wanyama, na huko yuko mnyama mmoja mashuhuri ambaye watoto wamekwisha sikia habari zake, nao hawalali kwa hamu ya kumwona.

Haya yote ni mema, na kupanga jambo kabla ya kulitenda ni katika adabu njema. Lakini liko swali moja ambalo aghalabu halimo katika mipango hiyo: huyo mnyama tunayekwenda kumtazama, hali yake ikoje? Na sisi tunaolipa kiingilio, je, tunayo dhima yoyote juu ya hali hiyo?

Wapo watakaosema kwamba hili ni swali la kujitia mashaka bure. Watasema: Mwenyezi Mungu amemtiishia mwanadamu vilivyomo mbinguni na ardhini, na kumtazama mnyama si kumpiga wala si kumwadhibu. Neno hili lina ukweli ndani yake, na yatupasa kulipa haki yake. Imepokewa katika Hadithi sahihi habari ya mtoto Abu Umair, nduguye Anas bin Malik kwa mama, aliyekuwa na kijindege akicheza nacho. Mtume (s.a.w.) alimtania mtoto huyo kwa upole kuhusu kijindege chake, wala hakumkemea kwa kukifuga. Wanavyuoni wametoa humo ruhusa ya kufuga ndege, kwa sharti kwamba alishwe na asiteswe. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kizimba ni haramu.

Tena Qur'ani Tukufu yenyewe inaitambua furaha ya macho. Katika Suratun Nahl, baada ya kutajwa joto na chakula tunavyopata kwa wanyama wa kufuga, umetajwa na uzuri wao. Lakini tuzingatie uzuri huo umetajwa wakati gani: ni jioni wanaporejeshwa zizini, na asubuhi wanapopelekwa malishoni. Yaani wanyama wanaosifiwa uzuri wao ni wale wanaotembea pamoja na wenzao, wanaokwenda kula na wanaorudi wameshiba. Na katika Suratul An'am tunafundishwa kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi. Basi mnyama aliyetengwa peke yake, asiyeweza hata kumsikia mwenziwe, ni kiumbe aliyeng'olewa katika umma wake. Anayemtazama huyo hatazami ule uzuri uliotajwa, bali anatazama mabaki yake.

Na tuuchukue mfano wa ndovu Kaavan, aliyekuwa mashuhuri katika bustani ya wanyama ya Islamabad, mji mkuu wa Pakistan. Ndovu huyu alizaliwa Sri Lanka, akatolewa zawadi kwa Pakistan mnamo mwaka 1985, akingali mtoto. Baadaye aliletewa mwenziwe wa kike, Saheli, kutoka Bangladesh. Saheli akafa mwaka 2012, na Kaavan akabaki peke yake. Alikuwa akifungwa minyororo, na watu walimwona akitikisa kichwa huku na huko kwa muda mrefu bila kukoma. Kwa wasiojua, mtikiso ule ulikuwa kama ngoma ya kuwafurahisha, na watoto walicheka. Kwa wataalamu ulikuwa ni dalili ya kiumbe aliyeharibikiwa na upweke. Ulimwengu ukampa jina la ndovu mpweke kuliko wote duniani, na jina hilo ndilo lililokuwa umaarufu wake.

Sasa tujiulize: wale waliomtazama miaka yote ile walikuwa watu wabaya? La hasha. Walikuwa ni akina baba na akina mama waliovaa nguo za Idi, waliowashika watoto wao mikono, waliotaka kuwapa siku moja ya furaha. Hakuna hata mmoja wao aliyefunga mnyororo. Lakini bustani kama ile husimama kwa watu wanaoingia, na mlango ambao hakuna anayeupita haukawii kufungwa. Hapo ndipo ilipo dhima ya mtazamaji. Si dhima ya mwenye kutesa, bali ni ya mwenye kuendesha jambo kwa fedha yake huku hajauliza linaendeshwaje.

Tunajua sote Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Hatukuambiwa kwamba alimpiga au alimchoma. Kosa lake lilikuwa ni kumfungia, kisha asimlishe, wala asimwache akajitafutia mwenyewe. Mafundisho yaliyomo ni makubwa: mwenye kumzuia kiumbe asijitafutie riziki yake amejitwisha yeye mwenyewe mzigo wa riziki hiyo. Na riziki ya ndovu si majani na miwa tu. Ndovu huishi kwa jamaa zake, kwa mwendo mrefu, kwa kuoga na kujipaka tope. Mwenye kumpa chakula akamnyima hayo yote amemlisha tumbo tu.

Hata hivyo, katika watazamaji hao hao ndimo ilimotoka rehema. Mnamo mwaka 2015 mwanafunzi mmoja wa utabibu wa wanyama aliizuru bustani ile, akaiona minyororo, akaanzisha ombi la kutaka ndovu yule asaidiwe, nalo likatiwa saini na watu wengi sana. Alipita mlango ule ule waliopita wengine. Tofauti ni kwamba wengine walitazama, naye aliona. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Islamabad, na tarehe 21 Mei 2020 Jaji Mkuu wa mahakama hiyo, Athar Minallah, alitoa hukumu kwamba wanyama wana haki zao mbele ya sheria, akitaja pia mafundisho ya Kiislamu, na akaamuru wanyama wa bustani ile wahamishwe kwenda pahali panapofaa. Daktari wa wanyama aliyezaliwa Misri, Amir Khalil, alikaa na Kaavan kwa muda akimzoeza na hata kumwimbia, mpaka mwishoni mwa Novemba 2020 akasafirishwa kwa ndege hadi Kambodia. Huko akagusana mkonga na ndovu mwenziwe, jambo ambalo hakulipata kwa miaka minane.

Lakini tusifiche upande wa pili. Katika kuhama kule, mwezi wa Julai 2020, simba wawili walikufa kwa moshi baada ya wafanyakazi kuwasha moto ili kuwalazimisha watoke vizimbani. Nia ya jambo ilikuwa njema, utendaji ukawa wa kikatili. Kwa hiyo huruma isiyo na matayarisho huweza kuua, na ndiyo sababu tunasema kwamba haki ya mnyama iwemo katika mipango tangu mwanzo.

Nasi wa Pwani tunao mfano ulio karibu. Baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliokolewa baharini karibu na Malindi, akapelekwa Haller Park, Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya simenti kabla ya kupandwa miti. Kiboko huyo, Owen, alimshikamania kobe mzee aitwaye Mzee kama mtoto kwa mzazi, na watu wakaja kutoka nchi nyingi kuwatazama. Owen alipokua na uzito wake ukawa hatari kwa kobe, walinzi waliwatenganisha, wakamweka Owen na kiboko mwenziwe. Wageni walikuja kuwaona wawili pamoja, lakini maslahi ya wanyama yalitangulizwa mbele ya tamasha. Hicho ndicho kipimo tunachokitafuta: panapogongana furaha ya mgeni na haja ya mnyama, ni nani anayetangulizwa?

Basi, ndugu mzazi na mwalimu, kabla ya kuwaahidi watoto, uliza. Uliza mnyama huyo anaishi na nani, ana nafasi gani, ana pahali pa kujificha asipotaka kutazamwa, na alifikaje pale. Uliza kabla ya ahadi, kwa sababu ahadi kwa mtoto nayo ni deni, na si vizuri kumvunjia mtoto neno ili kumwonea mnyama huruma uliyoisahau. Jawabu likiwa jema, nendeni kwa furaha, na watoto wafundishwe kutorusha mawe wala maganda, na kutopiga kelele mbele ya kiumbe asiyeweza kuondoka. Jawabu likiwa baya, basi lielekezwe kwingine. Mkiwa mmekwisha fika mkaona dhuluma, msirudi kimya. Waandikieni wenye mamlaka, na barua hiyo iandikwe na watoto wenyewe.

Kwani mtoto hujifunza katika safari hiyo zaidi ya jina la mnyama. Hujifunza kama aliye dhaifu ni wa kuchekwa au ni wa kuangaliwa haki yake. Na somo hilo atarudi nalo nyumbani, kwa mdogo wake, kwa mtumishi, kwa jirani maskini. Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kinachomtukuza kwa lugha tusiyoifahamu, atujaalie macho yenye kuona. Amin.